Nani Aliifunga Shingo ya Zaina

Mwantumu mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, mbele ya mumeo na mbele ya watu. Humu naweka yale ambayo mdomo wangu umeyakataa kwa miaka miwili. Naandika jua likiwa bado juu, nawe umekwenda kuaga kwa shangazi zako, nimewaomba wakucheleweshe. Herufi ni zile za Kiarabu alizonifundisha babu yako chuoni kwake, na najua unazisoma polepole. Ni vizuri hivyo, maana barua hii haifai kusomwa mbio.

Sitakuambia habari za chumvi wala za kuamka mapema. Unapika kuliko mimi, na hilo nalo liliwahi kunikera. Nitakuambia jambo moja kwanza ili mengine yaeleweke: mimi mama yako nina wivu na wewe. Ujana wako sikuuonea wivu. Kwa mumeo Salehe pia sikukuonea wivu, ingawa ni kijana mzuri na ana kazi yake kwenye reli ya Korogwe. Nina wivu na vidole vyako.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Aliletwa mpagazi mmoja aliyekuwa akipita hapa Handeni na msafara wa Mjerumani kutoka Pangani. Alikuwa ameteleza na sanduku kichwani akaangukia korongoni. Nikamlaza kifudifudi, nikampaka mafuta ya nyonyo, nikamkanda toka mabegani hadi kiunoni kama bibi yangu alivyonifundisha. Nilimkanda mpaka jasho likanidondoka. Akasema, "Afadhali, mama." Kila mgonjwa husema afadhali ili umwachie. Wewe ulikuwa umenishikia kibuyu cha mafuta. Ukakiweka chini, ukanyoosha kidole kimoja, ukakishusha katikati kabisa ya mgongo, pingili kwa pingili, halafu kikasimama.

"Hapa, mama. Hapa pana kishimo."

Yule mpagazi alipiga yowe mpaka kuku wakakimbia uani. Mimi nilikuwa nimeshughulika na nyama za pembeni, zilizokakamaa kwa sababu zilikuwa zinalinda kitu kilichoumia katikati, na huko katikati sikugusa. Nilikuwa na miaka ishirini katika kazi hii. Wewe ulikuwa huna hata meno yote ya ukubwani.

Mama mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilikuambia, "Nenda kachote maji." Mtungi ulikuwa umejaa mpaka mdomoni. Uliutazama mtungi, ukanitazama mimi, ukachukua kibuyu ukaenda.

Tangu siku hiyo watu wakaanza. Mtu anabisha hodi, anasalimu, anakaa, anaonyesha kiuno chake, halafu anachungulia nyuma yangu: "Mwantumu yupo?" Nani angependa? Wahenga walisema mwana wa mhunzi asipofua huvukuta. Mimi nilitaka uvukute tu, moto uwe wako na nyundo iwe yangu. Kila alipokuja mwenye mgongo nilikutuma kuni. Ndiyo maana tulikuwa na kuni nyingi kuliko nyumba yoyote ya mtaa wetu, na wewe ulidhani ni bidii yangu.

Lakini ulikuwa unajifunza hata kutoka kwenye kuni. Unakumbuka ile sikukuu tulipochinja mbuzi? Wenzako walikuwa wanagombea ini. Wewe ulichukua uti wa mgongo wa mbuzi, ukakaa nao kivulini, ukaumenya kwa kisu kidogo mpaka zikabaki pingili tupu na zile kano nyeupe zinazozifunga. Ukaniita. Ukaukunja mbele, ukaukunja nyuma, ukakata kano moja ya nyuma ukaukunja tena. Pingili mbili zikaachana kama mdomo unaopiga miayo.

"Mama, mfupa mzima. Tazama, haukuvunjika popote. Ni kama ukuta wa fito, fito zote nzima lakini kamba imekatika. Sasa ukimkanda mtu kama huyu si unazidi kuutikisa ukuta?"

Nilikujibu kwamba mbuzi si mtu. Halafu, ulipokwenda kunawa, niliuchukua ule uti nikaukunja mwenyewe mara tatu, na moyo ukaniuma. Nilimkumbuka mtu mmoja wa Kwamkono niliyemkanyaga mgongo miaka mingi kabla hujazaliwa. Unajua desturi yetu: mgonjwa analala kifudifudi, mwanamke mwepesi anapanda mgongoni na kutembea polepole. Kwa mtu aliyechoka na jembe inasaidia, sikatai. Yule alikuwa ameanguka kutoka juu ya mti, na mimi sikumuuliza ameangukaje. Nilipanda. Kitu kikalia chini ya kisigino changu, nikajisifu kwamba nimekirudisha mahali pake. Hakuinuka vizuri tena. Siku zile nilisema amerogwa na jirani yake, watu wakaniamini, na jirani yule alihama kijiji.

Basi ulinifunulia hilo kwa uti wa mbuzi, na badala ya kukushukuru nilikununia siku mbili.

Sasa nifike kwa Mama yako Mdogo Zaina, maana kote huko nazunguka tu.

Mwaka ule, miaka miwili iliyopita, wanaume wetu wengi walikuwa wamechukuliwa, wengine kwenye mashamba ya mkonge, wengine kwenye reli. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba, nyani na ngedere hawangoji wanaume warudi, kwa hiyo wanawake tulipanda wenyewe juu ya madungu, vile vichanja vya kulindia shamba. Zaina alikuwa juu ya dungu lake alfajiri, nguzo moja ikakatika, akaja chini kwa kichwa na bega. Walimkuta amekaa, ameshika kichwa chake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtungi wa mtu mwingine. Mtu akikishika kichwa chake namna ile, usimwambie akiachie. Hilo ulilijua wewe, mimi nilikuwa nimeshanyoosha mikono nimvute shingo.

"Mama, usimvute!" Ulinipigia kelele mbele za watu. Mtoto, kwa mama yake.

Ukampigia magoti. Kabla ya kumgusa ulimuuliza aliangukia nini kwanza. Ukamuuliza kama anasikia vidole vya miguu, ukamwambia avichezeshe, ukaniomba nihesabu vya kushoto. Ukamuuliza kwa sauti ya chini kama amejikojolea, akasema hapana. Ndipo ukapitisha kidole kisogoni, chini ya nywele, ukashuka. Kidole kikasimama, nami nikajua umepata kishimo chako tena. Ukaita watu wanne, mmoja kichwani, ukawafundisha kumgeuza mzima mzima kama gogo, bila kiuno kutangulia wala shingo kubaki nyuma. Mkamlaza kwenye mlango tulioung'oa. Halafu ulichukua ngata yangu, ile ya kaniki ninayoiweka kichwani chini ya mtungi, ukaifumua, ukaijaza sufi, ukaisokota upya ndefu na nene, ukamzungushia shingoni mpaka kidevu kikapata pa kukaa. Zaina akafumba macho na kusema, "Hapo."

Mimi kaka zake na wakwe zake walinisifu. Wewe ulikuwa umekwenda kuosha mikono. Sikuwasahihisha.

Siku ya tisa akapita Bwana Mganga, yule Mjerumani aliyekuwa akizunguka na askari wawili kutazama ndui. Akaingia, akamwona Zaina, akainama juu ya shingo ile muda mrefu. Akabonyeza, akamkwaruza nyayo, akamwambia akaze ngumi. Kisha akauliza, na askari akatafsiri: "Bwana anauliza, nani ameifunga shingo hii?"

Ulikuwa jikoni. Nilikusikia unapuliza moto.

Nikasema, "Mimi."

Akanipa mkono, Mwantumu. Akasema hata yeye asingefunga vizuri zaidi. Akasema anaona mifupa haijavunjika, ila kano za nyuma zimeraruka, na kwamba watu hukosea hapo: mfupa hujiunga mapema, kano huchukua muda mrefu, na haitoi sauti ikiwa haijapona. Akasema Zaina asiinuliwe bila ngata ile mpaka mahindi yaliyoko shambani yakauke na kuvunwa. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo. Wewe hukuyasikia hata neno moja, na mimi sikukuambia.

Kwa nini sikukuambia? Kwa sababu wewe ulikuwa umeshasema hivyohivyo siku ya kwanza. Ulisema, "Mama, huyu atakaa mpaka mavuno." Ningekuambia, ungejua kwamba mtu mkubwa aliyetoka ng'ambo na kusomea kazi hiyo amesema neno lako. Sikuweza. Niliona afadhali maneno yake yafie kwangu.

Na kulikuwa na kuku. Wewe unajua sisi waunga mifupa tunavyofanya: mtu akivunjika, tunamvunja kuku mguu, tunamfunga vijiti siku ileile, na kuku akitembea tunamfungua mgonjwa. Bibi yangu alifanya hivyo na bibi yake. Kwa Zaina pia nilimvunja kuku. Ulicheka, ukasema, "Mama, kuku ameumia mguu, Mama Mdogo ameumia shingo." Nikakujibu kwamba kuku ukimvunja shingo huyo ni mchuzi. Watu walicheka, nikafurahi kwa sababu kwa mara moja walicheka upande wangu.

Siku ya ishirini na moja yule kuku alitembea. Alivuka ua mzima kwenda kudonoa pumba, majirani wakaona. Wakaja wengi. Wewe ulisimama mlangoni ukasema, "Bado." Mtu mmoja akasema, "Tumsikilize Mwantumu, huyu mtoto ana mkono." Laiti angesema jambo jingine. Mimi nilikuwa karibu kukubali, kweli nakuambia, nilikuwa na maneno ya Bwana Mganga kifuani yananichoma. Lakini niliposikia "huyu mtoto ana mkono" nikapita mbele yako, nikaifungua ngata, nikamkalisha, nikamsimamisha. Wanawake wakapiga vigelegele. Havikunitosha. Nikachukua kibuyu cha maji nikamtwika kichwani, ili waone kazi yangu.

Alikwenda hatua nne. Kisha kibuyu kikaanguka, na mkono wake wa kulia ukashuka ukaning'inia, akautazama kama si wake.

Ni wewe uliyemdaka. Ni wewe uliyeishika shingo kwa mikono miwili, ukamlaza, ukamfunga tena, ukakaa naye miezi mitatu ukimlisha. Ni kwa sababu yako leo anatembea. Mimi nilikuwa nimesimama mikono mitupu, na kaka zake wakauliza, "Nani aliifungua hii shingo kabla ya wakati?"

Siku moja kabla, ulikuwa umelegeza ngata ili umsafishe, kwa sababu jasho lilikuwa limeanza kumchubua ngozi. Nilikuwepo. Alikuwa amelala chali, ulinipa kichwa chake nikishike, ulipangusa na kufunga tena, na shingo haikusogea hata unywele. Nikawajibu, "Jana, kuku hajatembea, Mwantumu aliilegeza."

Ni kweli uliilegeza. Nilichagua kweli moja ndogo nikaifunikia kubwa. Nilikuona ulivyogeuka kunitazama. Nilidhani utanibishia, nilikuwa nimeshaandaa na ukali wa kukunyamazisha. Lakini wewe uliniamini. Uliitazama mikono yako, ukaniamini mimi.

Tangu hapo hukumgusa mtu mwingine isipokuwa yeye. Alipopona kadiri alivyoweza, ukaacha kabisa. Mtoto wa jirani aliteguka kifundo cha mguu, ukakimbia kuniita mimi. Na wagonjwa wakarudi kwangu, hawakuuliza tena kama Mwantumu yupo. Wivu wangu ulipaswa kushiba hapo. Haukushiba, mwanangu. Nilikuwa nikimkanda mtu huku nakuwaza wewe ungeweka kidole wapi, na nikiweka mahali pengine najua nimekosea. Wanasema mwana hutazama kisogo cha nina. Katika nyumba hii mama ndiye aliyekuwa akitazama kisogo cha mwana, na kukichukia, na kukifuata.

Juzi Salehe aliniambia bila kujua anachokigusa. Tulikuwa tunakunywa uji. Alisema, "Mama, pale Korogwe wanawake wanashuka kutoka Dindira na Bungu na mizigo kichwani, wengine wanatoka Kerenge. Njia ina utelezi. Wanaanguka, migongo inaharibika, na hawataki kushikwa na wanaume. Nilimwambia Mwantumu atawafaa, akaniambia yeye mkono wake ni mbaya, alimlemaza mama yake mdogo. Ni kweli?"

Nikamwambia uji unapoa.

Leo asubuhi nilishindwa kuumeza wa kwangu. Nikaenda kwa Zaina. Alikuwa anachambua mbaazi kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia umelala pajani. Nilikaa chini, si juu ya kigoda. Nikamwambia yote: Bwana Mganga na maneno yake, kuku, kibuyu, na lile neno nililowajibu kaka zetu. Hakuacha kuchambua.

"Najua, dada," akasema.

"Unajuaje?"

"Shingo ilikuwa yangu. Mtoto aliponisafisha nililala usingizi. Uliponisimamisha wewe ndipo nilisikia kitu kinapita mkononi kama maji ya moto. Na Mzungu aliposema mpaka mavuno, mimi si nilikuwa nimelala palepale? Nilivunjika masikio?"

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miaka miwili. Akasema kwanza alingoja niseme mwenyewe. Kisha akaogopa, maana wewe ulikuwa unaniamini, akaona akisema utabaki huna mama na mimi nitabaki sina mtu. "Lakini nimekosea," akasema. "Nilikuhurumia wewe, nikamwachia yeye mzigo." Tulilia kidogo. Halafu nikataka kuushika ule mkono niukande, kwa mazoea tu. Akauondoa.

"Huu hapana. Huu namwekea Mwantumu. Mvua zikipita nitakwenda Korogwe, auangalie."

Nimeamua kusema kweli, basi niseme: hata pale, na machozi usoni, wivu ulinichoma.

Nimemwita Salehe nimemwambia. Kesho, kabla hamjashika njia, nitasema mbele ya kaka zetu na yeyote atakayekuja kukuaga, kwa sauti ileile niliyosemea siku ile. Sijui utanitazamaje. Ukitaka kuondoka bila kunipa mkono, ondoka, nitaona ni haki yangu.

Ila mikono yako usiiache hapa. Huko Korogwe mwanamke akiletwa kwako, muulize ameangukaje kabla ya kumgusa, kama ulivyofanya. Wengi watakuwa wamevutika kidogo tu. Hao usiwalaze mwezi mzima, wape joto, wainuke, watembee taratibu, maana kano isiyotumika nayo hukakamaa. Wale wenye kishimo, wenye ganzi, wasioweza kuzuia haja ndogo, usisikilize vigelegele vya mtu kwao, walaze, na kama pana mganga wa Kizungu karibu wapeleke kwake, usione haya kama nilivyoona mimi. Kuku mwache adonoe. Unayajua yote haya. Nayaandika kwa sababu sijawahi kukuambia kwamba nimeyajua kwako.

Nami nikisikia watu wanaorudi kutoka Korogwe wanakutaja, nitakununia huku huku Handeni. Usijali, nimezoea, nitachota maji.

Chini kabisa ya kapu lako, chini ya unga, nimeweka ile ngata. Niliificha darini miaka hii miwili. Sufi yake imebonyea, utaijaza mpya. Yule Bwana aliuliza nani ameifunga, na sikumpa jibu lake. Ukikutana naye, au na mwingine yeyote atakayeuliza, mwambie mama yako amejibu: ni Mwantumu.

Mama yako